Koki Namba Mbili

Nilikuwa nimeshasimama. Watu mia moja na kitu waligeuza shingo kunitazama, na Urho, aliyekaa kiti cha pembeni, akanivuta upindo wa sweta na kuninong'oneza nikae chini, nisijiaibishe. Urho ameendesha winchi ya magogo miaka thelathini na haogopi kitu duniani isipokuwa watu waliovaa tai. Nikautoa mkono wake kwenye sweta yangu.

"Nina hoja," nikasema.

Siku hiyo Heini Suonpää alikuwa anatetea tasnifu yake ya udaktari. Desturi yetu ni ya zamani, na mimi naipenda: utetezi hufanyika hadharani, mlango wazi, na mpinzani aliyeteuliwa akishamaliza kuhoji, mtahiniwa mwenyewe huwageukia watu ukumbini na kusema kwamba yeyote mwenye neno dhidi ya tasnifu yake aombe nafasi. Yeyote. Miaka nenda rudi hakuna anayeomba. Watu hutazama viatu vyao, msimamizi huhesabu kimoyomoyo mpaka kumi, kisha wote huenda kunywa kahawa.

Msimamizi, profesa aliyevaa koti jeusi lenye mkia, aliniuliza mimi ni nani.

"Raili Hyttinen. Nasafisha matangi."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Acha acheke, nikasema moyoni, nitamjua tu wakati wa supu, utetezi ukiisha.

Ukumbi wenyewe ulikuwa ukumbi wa mashine ya tatu, kiwanda cha karatasi cha Hirsilahti. Nilifanya kazi humo miaka ishirini na minne, mpaka vuli ile wenye kiwanda walipotukusanya na kutuambia kwaheri kwa dakika kumi na moja. Mashine waliifungua vipandevipande wakaiuza ng'ambo. Walichoacha ni kuta, mabomba, na sisi. Miaka saba ikapita. Duka la dawa likafungwa, shule ikabaki na madarasa mawili, na wanaume wa rika langu wakawa wanarekebisha mashua zilezile kila kiangazi, wanazifungua na kuzifunga, ilimradi mikono isikae bure. Kila mwezi serikali ilitutumia chochote kitu ili tukae nyumbani kwa utulivu.

Kisha serikali hiyohiyo ikakipa chuo kikuu fedha za utafiti, na chuo kikachukua nusu ya ukumbi wetu. Wakaleta mashine ndogo ya ajabu: mbao inasagwa, inayeyushwa mpaka inakuwa rojo, rojo linasukumwa kwenye vitundu vidogo hata macho hayavioni, linaoshwa kwa maji, na linatoka uzi. Uzi wa kufuma nguo. Watu sita wa mji tuliajiriwa, nami nikiwemo. Urho alipita dirishani siku ya kwanza akaniuliza kama sasa tutavaa miti. Nikamwambia yeye ameshatangulia, kichwa chake ni gogo tangu utotoni.

Heini alikuja na mashine hiyo akiwa na miaka ishirini na mitano, miguuni ana mabuti ya mpira yaliyomzidi saizi mbili. Alikula mkate wake wa shayiri nyeusi akiwa amesimama, jicho kwenye uzi. Nikaanza kumletea mikate yangu mitamu ya iliki, kwanza kwa kumhurumia, baadaye kwa sababu asubuhi isiyo na Heini ilikuwa haina ladha. Mimi sina mtoto. Nilimpenda yule binti, sioni haya kusema.

Na uzi wake ulikuwa mzuri. Ulikuwa mweupe, laini, na ukiuvuta haukatiki. Ila kila mwaka, theluji ilipoanza kuyeyuka, mambo yaliharibika. Kuanzia mwisho wa Aprili hadi katikati ya Juni uzi ulikatika kila baada ya dakika chache, wiki saba mfululizo. Heini alipima joto, akapima dawa, akabadilisha magogo. Mara mbili nilimkuta stoo anajifuta machozi kwa glovu. Mwishowe akaandika kwenye tasnifu, ukurasa wa themanini na nane, kwamba tatizo ni mbao zilizokatwa wakati wa baridi.

Wizara nayo ikasoma kivyake: uzi unaokatika wiki saba kila mwaka, nani atajenga kiwanda juu yake? Ndiyo maana siku ya utetezi bwana Rekola wa wizara alikuwa mstari wa mbele, mkoba magotini, na ndani ya mkoba mlikuwa na uamuzi. Kituo chetu cha utafiti kifungwe kabla ya sikukuu ya kiangazi, mashine ihamishiwe kusini. Angetutangazia baada ya kahawa, kwa upole, ili asiharibu siku ya mtu. Mji mzima ulishajua. Heini alijua pia, na ndiyo sababu alikataa kabisa kwenda kujitetea chuoni. Alisema kama ni kuzikwa, atazikwa penye kazi yake.

Mpinzani alikuwa Profesa Lagerblad, mzee mwembamba wa Uswidi, mpole wa sauti na mkali wa maswali. Alichimba ukurasa ule wa themanini na nane karibu saa nzima. Kila aliposema neno "kukatika", Rekola aliandika kitu kwenye daftari lake. Nilikuwa nimekaa nyuma yake kidogo, nauona mkono unavyokwenda. Kukatika, anaandika. Kukatika, anaandika. Damu ikanichemka.

Kwa sababu mimi nilijua.

Hapa lazima niseme bila kuzungukazunguka. Theluji inapoyeyuka, mto unatuletea maji ya vinamasi vya juu, maji mekundu, yamejaa kutu na uozo wa mimea. Enzi za kiwanda, siku barafu ilipoachana na ufuko, msimamizi wa zamu alituma watu wawili chini, nyuma ya tanuri la zamani, wafunge koki namba moja, ya maji ya mto, na kufungua namba mbili, ambayo bomba lake linakwenda mbali, kwenye kina cha ziwa, maji safi mwaka mzima. Katikati ya Juni walirudisha. Hakuna aliyeliandika jambo hilo popote, maana kila mtu alilijua. Kiwanda kilipofungwa, lilikwenda nyumbani na watu.

Majira ya tatu ya kituo, nilichovya kitambaa cheupe kwenye tangi la kuoshea kikatoka na rangi ya chai. Nikamwambia mkuu wa kituo wa wakati ule, ambaye ameshaondoka. Alinijibu kwa adabu zote kwamba maji yalishapimwa maabara, na kwamba mimi niendelee kuandika joto la matangi. Basi nikanyamaza. Kwetu mtu asiyeulizwa hasemi, na aliyenyamazishwa mara moja harudii. Nikanuna miaka mitatu. Niliandika joto la matangi kwa mwandiko mzuri kabisa, na ukuta wa pili binti wa watu analia stoo. Nikiwaza hayo mpaka leo najisikia vibaya.

Nikayasema yote pale pale, nimesimama, mbele ya tai zote. Kwamba si mbao, ni maji. Nikawaeleza habari ya koki, ya barafu, ya kitambaa.

Heini alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili. Kanuni inamtaka ajibu kwa lugha ya heshima, lakini aliisahau.

"Raili. Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Ilikuwa kweli, lakini haikuwa kweli yote, na alinitazama mpaka nikashindwa.

"Na mimi nilinuna," nikasema. "Nisamehe, mwanangu."

Sasa fikiria mwenyewe yule binti alikuwa wapi. Miaka sita ya kazi, mpinzani upande mmoja, mtu mwenye uamuzi mkobani upande wa pili, na mwanamke wa kusafisha matangi amemwambia mbele ya mji mzima kwamba kakosea. Angeweza kujitetea. Angeweza kuniambia asante, tutalifikiria, na kila mtu angekwenda kunywa kahawa yake. Alinyoosha mgongo.

"Namshukuru Bibi Hyttinen kwa hoja yake," akasema. "Sampuli yangu ya maji ni ya Februari. Mwezi wa Mei sikupima. Hitimisho la ukurasa wa themanini na nane haliwezi kusimama, na nitalisahihisha."

Rekola akaandika hilo nalo. Akamnong'oneza msimamizi kwamba kahawa ingepoa. Lakini Lagerblad alikuwa amevua miwani na ananitazama mimi.

"Hiyo koki," akauliza, "iko wapi?"

Alisoma tamko lake kwanza, maana mambo ya udaktari yana utaratibu wake: tasnifu inakubalika, ukurasa mmoja usahihishwe. Kisha akanifuata chini, mkia wa koti lake unafagia ngazi. Kofia yake ndefu ya udaktari alinipa nimshikie, nikaitundika kwenye msumari. Koki ilikuwa imekwama. Miaka kumi na mitatu haijaguswa, kutu imeiganda. Nikavuta, akavuta, tukavuta wote. Koti lake likapasuka kwapani akasema neno moja la Kiswidi ambalo nalijua. Ndipo Urho akatokea bila kuitwa, begani ana bomba la chuma la kutumia kama wenzo, akimuuliza profesa kama huko kwao koki hufunguliwa kwa kuzisomea. Tukavuta watatu. Ikalia, ikazunguka.

Mabomba yale ni marefu, yanahitaji saa mbili kujisafisha. Kahawa ikanywewa, keki ikaisha, supu ya samaki ikaisha. Rekola alitazama saa yake mara nyingi sana. Nikamwambia karatasi yake haiozi, atulie. Saa kumi jioni, jua bado liko juu kabisa, Heini akavaa yale mabuti ya mpira chini ya gauni lake jeusi akawasha mashine.

Uzi ukatoka. Dakika tano. Dakika kumi. Watu walisogea mpaka kwenye kamba ya usalama wakasimama wanautazama unavyojizungusha, hakuna anayekohoa. Dakika arobaini. Gurudumu la kwanza la kuzungushia uzi likajaa, Heini akalitoa, akaweka jingine, na uzi ukaendelea kama kawaida. Nilipomwangalia, machozi yanamtoka na hajishughulishi kuyafuta.

Rekola alisema kwa sauti ya upole kwamba mchana mmoja si ushahidi. Na alikuwa sahihi, ndilo lililonikera zaidi. Hapo niliacha adabu.

"Miaka saba mlitulipa tukae tutazame dirisha," nikamwambia, "na hakuna siku mlituomba ushahidi wa lolote. Hawa mmewalipa wafikiri. Wamekosea mara moja, mnaleta kufuli."

"Uamuzi si wangu, mama."

"Basi chukua hivi, umpelekee mwenye nao avishike kwa mkono wake."

Nikampa mfuko wa plastiki wenye vitambaa viwili vilivyolowa, kimoja nilichokichovya asubuhi, rangi ya chai, na kingine cha jioni ile, cheupe. Nikamwambia pia kwamba funguo za chini ninazo mimi, sikukuu itanikuta hapahapa, na anayetaka kuihamisha mashine aje aziombe kwangu. Urho alisimama nyuma yangu na bomba lake begani. Bomba hakulishusha.

Kama vitambaa vilifika kokote, sijui. Baada ya wiki tatu ilikuja barua: kituo kipewe msimu mmoja zaidi wa kuthibitisha. Mwaka uliofuata tulithibitisha wiki zote saba, tukifungua koki hii na ile kwa zamu, Heini anapima na mimi nachovya. Tukaongezewa miaka miwili. Kisha ikaja kampuni, ikajenga upande wa ziwani, na leo watu mia moja na arobaini wanaingia zamu pale. Duka la dawa limefunguliwa. Urho anavaa sweta ya miti na anadai wazo lilikuwa lake.

Siku hizi wanakuja watu na hotuba zao, eti kampuni ndiyo iliyoamsha mji, eti soko. Nakaa mstari wa mbele. Wakimaliza nasimama na kuwauliza ni kampuni gani ilikuwepo ile miaka sita uzi ulipokuwa unakatika, ni soko gani lililomlipa Heini akosee mpaka apatie. Wameacha kunialika. Naenda tu, mlango uko wazi.

Tasnifu ninayo rafuni. Kwenye ukurasa wa themanini na nane pamebandikwa kipande cha karatasi. Heini alibandika vipande hivyo mwenyewe kwenye nakala zote, moja moja. Kinasema: *Mstari wa kumi na mbili, badala ya "mbao za majira ya baridi" isomeke "maji ya Mei". Chanzo: R. Hyttinen, hoja kutoka ukumbini.*

Heini sasa ni profesa kusini. Mimi nina miaka sabini na mmoja, magoti hayataki ngazi. Lakini barafu ikiachana na ufuko bado nachukua kitambaa changu na kwenda, na jioni hiyohiyo simu inalia.

"Raili," anasema, "maji yakoje?"

Kuna kipimo cha umeme bombani siku hizi. Kinamtumia majibu kwenye simu yake kila saa, kabla hata sijavaa mabuti. Ananiuliza hivyohivyo kila mwaka, na mimi namweleza.