Miguu Miwili Mirefu

Lori lililobeba mtambo wa kuchambulia pamba lilikuwa limeshavuka daraja pale fundi seremala alipoona misumari ikitembea mezani. Ilifuata upande wa lori. Akaweka pimamaji, akasoma: mji umeinama kuelekea jiji kuu. Akaifunga randa kwa kamba, akaendelea na kazi.

Vilitangulia vitu vya mviringo. Muuza vitunguu alivitia vyake wavuni, akaufunga nguzoni. Halafu ikateremka benki, akateremka daktari, wakateremka walimu wawili wa hesabu. Pamba nayo iliteremka bila kusukumwa. Ikirudi ni shati, na bei imepanda mlima.

Fundi hakukosa kazi. Alitengeneza vitanda vyenye miguu miwili mirefu, ya upande wa bondeni, ili watu walale sawa. Kizito kuliko vyote alimchongea bintiye, aliyekuwa karani wa mizani kiwandani. Hakuwa na mtu mwingine.

"Lala, mama. Kazi itakuja."

"Nimelala miezi saba, baba."

Akaja mpimaji kutoka wizarani. "Mzee, hapa tambarare."

"Hebu laza chupa yako chini, mwanangu."

Chupa ikabingirika. Mpimaji akaifukuza hadi darajani, akaiokota, na huko huko akaandika: tambarare.

Binti akafunga mzigo. "Siendi, baba. Nateleza tu."

"Basi teleza na kitanda."

"Fundi wewe, unamwoza au unamhamisha?" muuza vitunguu akacheka.

Jijini sakafu imenyooka. Hilo fundi hakulikumbuka. Binti alikilaza kitanda kama kilivyolala nyumbani, na kila asubuhi aliamka sakafuni, kwenye ukuta wa upande wa kwao. Akapiga simu.

"Baba, kitanda chako kinanirudisha."

"Kiache kikurudishe."

"Naingia kazini alfajiri, baba."

Akaazima msumeno kwa jirani, akaikata ile miguu miwili. Sasa analala vizuri. Anapima pamba ileile kwenye mtambo uleule. Mpimaji alipandishwa cheo. Wavu wa muuza vitunguu ulikatika, naye akavifuata. Fundi bado anachonga vitanda. Kikikamilika hukifungua kamba, kikajiendea chenyewe.

Vile vipande viwili binti alimrudishia kwa basi. Vilichukua miezi minne kupanda. Fundi amevipachika chini ya kiti chake, asiteleze.