Kichwa cha Baba wa Bibi Harusi

Kikundi cha majeruhi kilikutana kila Alhamisi katika chumba cha mazoezi cha hospitali. Ili ukubalike, ilibidi uwe umeumia kweli kweli, na ukubali kuchekwa. Kinyozi, ambaye ajali ya barabarani ilimwacha bila vidole vya mkono wa kulia, kuumia alikuwa ameumia. Hilo la pili ndilo lililomshinda.

Alhamisi hiyo wenzake walimshikilia ajaribu kunyoa kwa mkono wa kushoto, na mlinzi mwenye mguu wa bandia akajitolea kichwa. Masikini mlinzi, aliinuka na kipara juu ya sikio, mviringo safi kama kisosi. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Kinyozi naye alicheka, kisha akaenda nyumbani akamwambia mkewe atafute mnunuzi wa kiti cha saluni. Roho ilimuuma. Kunyoa ndiyo kazi pekee aliyoijua, na sasa imekuwa kichekesho.

Mkewe hakutafuta mnunuzi, alimtafuta dereva wa lori, mwenzake mumewe katika kikundi. Kesho yake asubuhi dereva huyo, aliyevunjika uti wa mgongo, alijisukuma kwa kiti chake cha magurudumu hadi ndani ya saluni.

"Shemeji kasema unauza kiti," alisema. "Uza tu. Mimi natembea na changu. Haya, ninyoe."

"Kesho si unamwoza binti yako? Nenda kwa mwingine."

"Huyo mwingine amevunjika nini?"

"Acha mzaha, kaka. Mlinzi umemwona?"

"Mkewe anasema amependeza upande mmoja."

"Picha za harusi zitakaa ukutani maisha yako yote!"

Dereva akapigapiga gurudumu la kiti chake. "Unakumbuka nilivyokuwa naona haya kutoka nje na kiti hiki? Nani alinisukuma hadi sokoni mchana kweupe?"

"Mimi."

"Kwa mkono mmoja! Tukaenda upande upande hadi tukaparamia nyanya za watu. Siku ile nilikukabidhi mwili mzima. Leo ni kichwa tu, unaringa?"

Kinyozi akamfunga kitambaa shingoni, akawasha mashine. Kisogoni mashine ilikwenda vizuri, kisha ikateleza kwenda juu palepale kwenye paji la uso. Alipomaliza, dereva alijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu.

"Huku umepandisha mlima."

"Nisawazishe?"

"Weee! Utanifikia nyusi."

Mapajani dereva alikuwa na kofia mpya, ambayo mke wake mwenyewe alimpa aje nayo, endapo mambo yangeharibika. Aliichukua, akainama kwa taabu, akaiweka juu ya kile kiti kinachouzwa.

"Hapo nimeshika nafasi," alisema. "Nitaifuata wiki ijayo nikija kunyolewa. Na ole wako nikute kiti hakipo."

Machozi yalimtoka kinyozi, wala hakuyaficha. Dereva alijisukuma akatoka kwenda kuwapokea wakwe, kichwa wazi, mlima wake ukionekana barabara nzima.