Kiwele cha Mheshimiwa

Banda la Shangazi lilikuwa na ng'ombe wawili na ndoo moja, na hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Kila asubuhi Shangazi alimkamua Mheshimiwa, kisha akahamia kwa Kapuku na ndoo ileile. Ikijaa, sifa zote zilimwendea Mheshimiwa, kwa kuwa kiwele chake kilikuwa kikubwa kama mto wa kulalia, hata alitembea amepanua miguu. Kiwele cha Kapuku kilikuwa cha wastani, na hakuna aliyewahi kumshukuru kwa lolote.

Sasa majani yalikuwa yamepungua. Mmoja ilibidi aende kwa mchinjaji. Uamuzi Shangazi alimwachia binti wa kaka yake, aliyehitimu masomo ya mifugo mwezi uliopita, na ambaye tangu siku hiyo nyumba nzima ilimwita Daktari, nusu kwa fahari, nusu kwa utani.

Daktari alikuja na futi ya kushonea na kitabu chake cha masomo. Akapima huku, akapima kule, akaandika.

"Kiwele kipana, kirefu, kilichoshikamana vizuri na tumbo, ndicho chenye nafasi ya maziwa," akatangaza. "Mheshimiwa amemzidi mwenzake kwa shibiri nzima. Kapuku aende."

"Haya, wewe ndiye uliyesoma," Shangazi akasema. "Mimi shule yangu ni mateke ya ng'ombe tu."

Siku ya mchinjaji ilipofika, Daktari, ambaye roho yake ilikuwa laini kama siagi, aliomba amkamue Kapuku kwa mkono wake, iwe ndiyo kuagana. Ndoo ilikuwa kwa Mheshimiwa, basi akachukua sufuria jikoni.

Sufuria ikajaa. Akachukua nyingine, nayo ikajaa.

"Shangazi, lete birika!"

"Birika la nini? Tuna wageni?"

"Lete tu!"

Vidole vilimuuma. Kiwele cha Kapuku kilinywea, kikalegea, kikakunjamana kama mfuko mtupu. Daktari akageuka upande wa pili. Shangazi alikuwa amemaliza zamani, na maziwa ya Mheshimiwa hayakufika hata nusu ya ndoo. Lakini kiwele kilikuwa palepale, kimetuna. Daktari akakibonyeza. Nyama tupu! Akazungusha futi: hakikupungua hata upana wa kidole.

"Hodi!" Mchinjaji alikuwa mlangoni, kamba begani. "Nimfunge yupi?"

Daktari angeweza kunyamaza. Daktari wa mwezi mmoja akikosea, nani atamsikiliza tena? Akamtazama Kapuku, aliyekuwa akitafuna bila habari na mtu.

"Shangazi, nimekosea," akasema. "Anayetulisha ni huyu."

Shangazi akatazama sufuria mbili na birika, akatazama ndoo. "Kumbe kitabu nacho hudanganya?"

"Kitabu hakina kosa. Kilisema tupime kabla ya kukamua na baada. Kiwele cha maziwa hunywea, cha nyama hubaki kilivyo. Hiyo 'baada' ilikuwa nyuma ya ukurasa. Sikuufunua."

Mchinjaji alicheka hadi kamba ikamdondoka. "Pole, Daktari! Wewe uliona maziwa, mimi tangu mwaka juzi naona steki."

Shangazi hakucheka. Alimkumbatia Kapuku shingoni. "Miaka minne, mwanangu, nakula jasho lako nikimsifu jirani yako. Nisamehe." Kisha akamgeukia binti. "Na wewe usijiinamie. Ungenyamaza, ningekufukuza na hiyo futi yako."

Mheshimiwa alitoka amepanua miguu, hakugeuka nyuma, kama anayewahi mkutano. Daktari alimpapasa mgongoni alipopita, machozi yakimlengalenga. Ng'ombe huyu hakuwa amemdanganya mtu. Watu walijidanganya wenyewe.

"Daktari!" Shangazi akaita. "Njoo tubebe hizi sufuria."

Alizibeba. Kisha akaingia ndani kukitafuta kile kitabu, safari hii akianzia nyuma.