Dole Gumba la Shemeji

Wiki nzima Somoe hakushika jembe. Mhogo ulizongwa na magugu, yeye akabaki kibarazani kwake, kijijini Mtawanya, mikono kaipakata mapajani kama anayelea mtoto mchanga, akiipaka mafuta ya nyonyo asubuhi na jioni. Majirani waliopita walimtania kwamba anajiandaa kuolewa upya. Alicheka nao, maana ukweli ulikuwa na aibu kuliko utani wao. Alikuwa anasubiri ngozi ya vidole vyake irudi.

Dawa hiyo alipewa na Latifa. Wawili hao walibangua korosho meza moja kwa miaka mingi, kwenye kiwanda ambacho leo geti lake limefungwa kwa mnyororo na mbuzi wanalala kwenye kivuli cha ukuta wake.

"Vipumzishe, shoga," Latifa alimwambia. "Kidole ni kama shamba. Ukikiacha kinaota."

Na asubuhi hii ndiyo ilikuwa ya mwisho ya usajili wa wakulima. Gari la matangazo lilikwisha kupita na spika yake: salfa ya serikali, dawa ya kupulizia mikorosho, inatolewa bure, lakini kwa mkulima aliyesajiliwa kwa alama ya kidole tu. Asiyesajiliwa hana salfa, na msimu ukifika korosho zake hazipokelewi ghalani. Mikorosho ya Somoe ilikuwa imeanza kuchanua, na kwenye matawi ya chini alishauona ule unga mweupe wa ubwiri, mwembamba bado, kama vumbi la mashine ya kusaga. Ubwiri haungoji tangazo. Ukiachiwa, maua hukauka yakaanguka, na mwaka mzima wa mtu unaanguka nayo.

Alijitanda khanga, akafunga mlango, akashika njia ya ofisi ya chama cha ushirika.

Mikorosho ile haikuwa ya marehemu mume wake. Aliipanda mama yake Somoe, kwa mbegu alizopewa na ndugu zake wa Mahurunga, kule karibu na Ruvuma, na kwao shamba hupita kuukeni: bibi humwachia mama, mama humwachia binti. Mume ni mgeni wa heshima. Analima, anakula, anashukuru. Hamisi, mumewe, alilijua hilo na hakuwahi kuleta maneno. Aliyekuwa na maneno ni mdogo wake, Mohamedi, ambaye tangu matanga yaishe amekuwa akipita shambani mara kwa mara, mikono nyuma, akiitazama mikorosho kama mtu anayepima kitambaa cha suruali.

Na Mohamedi huyo ndiye mtu wa kwanza ambaye Somoe alimkuta kwenye ukumbi wa chama. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi.

"Shemeji! Nimekuja kukusindikiza."

"Nani kakwambia nimepotea njia?"

Watu wa karibu walicheka. Mohamedi naye akacheka, akasogea, akajipanga nyuma yake.

Foleni ilikuwa ndefu na haiendi. Ili watu wasichoke, Shafii, katibu wa chama, alisimama mlangoni akawaeleza habari za bei. Msimu uliopita bei ilianguka, alisema, si kosa la chama wala la wizara. Ni soko la dunia. Huko ng'ambo nchi kubwa zimetunishiana misuli kwa ushuru, wenye viwanda wa huko wakaingiwa na hofu, wanunuzi wakapunguza oda.

"Sasa sisi tumewagombanisha?" aliuliza mzee mmoja.

"Hatukuwagombanisha, mzee. Ndivyo soko la dunia lilivyo."

Hilo soko la dunia kila mtu Mtwara analitaja na hakuna aliyelitia machoni. Ni kama mkwe mkorofi anayekaa mbali: haji kwenye msiba, haji kwenye harusi, lakini akikohoa huko aliko, nyumba nzima huku inalala na njaa. Na kila mkubwa akiulizwa jambo, humsingizia yeye, kwa kuwa anajua hatakuja kujitetea.

Somoe alisikiliza akakumbuka kiwanda. Nacho waliambiwa kimeuliwa na soko la dunia, ingawa yeye alikiona kinavyokufa na alijua kilikuwa na mikono mingi shingoni. Serikali iliamua korosho ghafi ziende mnadani, mkulima apate bei. Neno jema, hata yeye alipiga makofi. Lakini mnadani kiwanda chao kilikutana na kampuni zenye meli, ambazo serikali za kwao zilikuwa zimezipa mikopo nafuu na mashine mpya. Kiwanda kikazidiwa kete. Korosho zikapakiwa bandarini na maganda yake, zikaenda kubanguliwa nchi za watu, na mwenye kiwanda, ambaye wabanguaji hawakuwahi kumwona, akakaa kikao mahali fulani akaona fedha yake itatulia zaidi kwingine. Habari ziliwafikia wanawake wale getini, asubuhi, kutoka kwa mlinzi.

Ila vidole vilikuwa vimekwisha kabla ya hapo. Mwanzoni walipewa glavu na mshahara wa siku. Baadaye wakubwa wakaona mwenye glavu anabangua polepole, wakabadili malipo: kila mtu alipwe kwa kilo anazobangua. Hakuna aliyewakataza kuvaa glavu. Walizivua wenyewe, mmoja mmoja, kila aliyekuwa na mtoto wa kumlisha. Wakajipaka majivu na nyonyo, wakabangua. Mafuta ya ganda la korosho ni moto usio na mwanga. Yalibabua, ngozi ikatoka, ikaota nyingine, nayo ikatoka, mpaka ncha za vidole zikawa laini na ngumu kama kokoto za mtoni. Na kila Jumamosi walipopanga mstari kupokea malipo, walibonyeza dole gumba kwenye kidau cha wino wakaligonga kwenye karatasi. Doa jeusi tu, halina mstari hata mmoja. Hakuna mhasibu aliyelikataa.

"Anayefuata!"

Kijana wa usajili aliitwa Erasto. Alikuwa mgeni wa mkoa, mpole, macho mekundu kwa kutazama kioo kutwa. Mezani palikuwa na kishikwambi na kidude cheusi chenye kioo kidogo kinachowaka.

"Karibu mama. Dole gumba la kulia."

Somoe alilifuta kwa khanga, akaliweka. Kidude kikawaka chekundu.

"Jaribu tena. Bonyeza kidogo."

Chekundu.

"La kushoto. Cha shahada. Kile kingine." Erasto alivuta mkono wake taratibu, akaugeuza, akautazama. Akamtazama Somoe usoni, kisha akainamisha macho. "Mama, ulikuwa kiwandani?"

"Nilikuwa kiwandani."

"Wewe si wa kwanza. Tangu juzi nawapata. Mashine inawasoma kama hawapo."

"Nipo, mwanangu. Unaniona."

"Mimi nakuona. Mfumo ndio haukuoni."

Wiki nzima ya nyonyo na magugu. Somoe alijiona mjinga mbele za watu, na uchungu wa kujiona mjinga ulimuuma kuliko wa kukataliwa.

"Andika jina langu kwa mkono. Watu wote hapa wananijua. Shafii ananijua, alikula pilau kwenye harusi yangu."

Shafii alikohoa. "Dada Somoe, si kukujua. Haya ni maelekezo kutoka juu. Wakiruhusu majina ya mkono yanaingia ya wakulima hewa, salfa inavushwa mpaka. Serikali inataka ukweli."

"Na ukweli uko kidoleni?"

Erasto alishusha sauti. "Kuna njia. Mfumo unaruhusu ndugu wa familia kusajili shamba kwa alama yake. Una mtoto?"

"Ninaye binti, Zainabu. Yuko Dar, kazini."

"Lazima awepo hapa. Na leo saa kumi tunafunga usajili."

Hapo ndipo Mohamedi alipopiga hatua moja mbele, dole gumba keshalinyoosha.

"Mimi nipo, shemeji. Kuna ugumu gani?"

Lilikuwa dole gumba zuri, nene, na mistari yake yote. Halikuwahi kubangua hata korosho ya kutafuna. Somoe alilitazama, akaona mambo yote yatakayofuata kama mtu anavyoona mvua ikitoka upande wa Msumbiji: jina la Mohamedi kwenye shamba, fedha ya Mohamedi benki, na siku moja, bila ugomvi wowote, watoto wa Mohamedi wakigawana mikorosho ya mama yake.

"Hapana," alisema.

"Maua yanakufa, shemeji."

"Nimesema hapana. Shamba hili si la Hamisi, sembuse la ndugu yake Hamisi. Wewe unajua."

"Mimi nasaidia tu. Mfumo unataka kidole, haujauliza habari za bibi yako."

"Mama, wenzako wanasubiri," alisema mtu nyuma, na yule mzee aliyeuliza swali la ushuru akamkemea anyamaze.

Somoe aliiweka mikono yake chini ya khanga na kutoka. Nje jua lilikuwa kali. Latifa alikuwa amekaa kwenye mzizi wa mti, vidole vyake navyo vikinuka nyonyo, zamu yake haijafika. Alipomwona shoga yake alisimama, akaiacha zamu, akajifuta mikono, wakaondoka pamoja.

"Nilikudanganya," Latifa alisema njiani.

"Hukunidanganya. Ulitamani."

Somoe alipita moja kwa moja shambani. Alikata matawi ya chini yaliyoshika unga, moja baada ya jingine, ili upepo upite. Alijua ni kumpaka mgonjwa maji usoni. Alifanya hivyo hivyo, akiwa analia, na alilia kwa sauti kwa sababu shambani hapakuwa na mtu wa kumwonea haya.

Jua lilikuwa linaelekea kutua aliporudi nyumbani, na pikipiki ya Mohamedi ilikuwa imeegeshwa kibarazani. Mifuko ya salfa ilikuwa imepangwa ukutani, ya njano, mizuri, imegongwa maandishi ya serikali.

"Usinishukuru," Mohamedi alisema. "Ulipotoka nilimalizana nao. Shafii alithibitisha kwamba mimi ni familia, kidole kikasoma mara moja. Yule kijana alisitasita kidogo, lakini wakubwa wake wanataka idadi. Shamba limeingia."

Somoe alikaa kwenye ngazi. Hakuibiwa usiku wala kwa panga. Aliibiwa mchana, ofisini, na watu wenye adabu, na mwizi amemletea zawadi.

"Kwa jina lako," alisema.

"Kwa jina la familia. Msimu ukifika fedha itaingia kwangu, nami nitakuletea. Kwani mimi mwizi?"

Somoe alitazama ile mifuko. Aliyafikiria yale maua, na mama yake akiyakagua kwa kuyainamisha na fimbo, na akajua hataweza kuyaacha yafe ili amkomoe mtu.

"Mikorosho haina kosa," alisema. "Acha mifuko hapo. Nitapuliza mwenyewe."

Uso wa Mohamedi ulikunjuka. "Ndiyo maneno. Msimu ukifika tutapeleka wote ghalani."

"Hatutapeleka."

"Utauza wapi? Korosho ghafi nje ya chama ni kesi, shemeji. Watakukamata."

"Sitauza ghafi. Nitazibangua. Zote, hapa hapa uani, mpaka ya mwisho. Nitauza kwa kikombe, stendi, bandarini, popote. Ghalani haitaingia punje kwa dole gumba lako."

Mohamedi alicheka, kisha akaona Somoe hacheki. "Shamba zima? Kwa mikono? Utaungua, Somoe. Utabaki huna mikono ya kushika hata kijiko."

"Mikono gani? Ofisini wamesema sina."

Aliingia ndani. Mohamedi alimsikia akiburuta kitu, akabaki amesimama, funguo za pikipiki mkononi. Somoe alitoka na nusu pipa lake la zamani, lenye masizi, na kiroba cha korosho za msimu uliopita alizojiwekea za kula. Aliwasha kuni. Alimwaga korosho ndani ya pipa, akazikoroga kwa mti, na moshi wake ule mkali ukaenea uani, ukaingia kwa majirani, ukamfanya Mohamedi akohoe na kurudi nyuma mpaka kwenye pikipiki yake.

Latifa aliunusa moshi kutoka nyumba ya tatu. Alikuja na kinu kidogo cha mawe, jiwe lake la kubangulia na bakuli la majivu, akaketi bila kukaribishwa.

"Jipake kwanza," alisema, akisukuma bakuli.

Somoe alilitazama lile bakuli, akalisukuma kando. Alichukua korosho ya kwanza ingali ya moto, akaigonga, na mafuta yakamtiririka kwenye dole gumba. Yalimchoma, na alishangaa, kwa kuwa baada ya miaka yote hiyo alidhani pale hapaumi tena. Ile wiki ya nyonyo ilikuwa imesaidia: ngozi ilikuwa imeanza kurudi.

Akachukua ya pili.