Mlio wa Kujisikiliza

Wiki nzima niliimaliza nikitafuta mlio mtamu. Anayetuma Morse kwa redio hajisikii: anabonyeza nukta na vistari, vinakwenda hewani, sikioni mwake kimya. Kwa hiyo unajiundia saketi ndogo inayolia kila unapobonyeza, mkono ujue unafanya nini. Ya kwanza niliyounda ilikoroma. Ya pili ilipiga ukelele kama birika. Ya tatu, nilipobadilisha kapasita mbili, ililia laini hadi nikacheka peke yangu karakanani.

Marehemu baba, aliyetulea kwa mshahara wa telegrafu, alikuwa akinikanya: "Mlio utoe kwenye mtambo unaorusha, mwanangu. Ukiutoa kwenye kibonyezo, utajisikia hata siku ambayo hakuna anayekusikia." Lakini wa kwenye mtambo ndio uliokoroma. Nikautoa kwenye kibonyezo, nikakipa betri yake. Sikio la kufa halisikii dawa.

Asubuhi iliyofuata mdogo wangu alikuwa chini ya meza yangu ya kazi, jino moja limeng'oka, ameshika mbavu. Alikuwa amemkimbia mumewe, mwenye bucha, mtu wa kuchekacheka na wateja. Saa nne kasoro dakika chache huyo mume akaja, akaupiga mlango teke. Komeo likashika.

"Shemeji, fungua. Namtaka mke wangu tu, na wewe sina ugomvi."

"Mimi ninao," nikamjibu.

Nilipoinua simu nimpigie kaka, mkono wa shemeji ukapita kwenye nondo za dirisha, ukaikwapua. Nikasikia ikivunjika ukutani. Mdogo wangu akatambaa kuelekea dirisha la nyuma, lile lisilo na nondo. Nikamshika gauni.

"Utavunjika miguu. Ngoja, namwita kaka."

Kaka anasimamia matofali kiwandani, dakika tano kwa gari, na kila siku saa nne huvaa visikilizio vya redio yake asikie majaribio yangu. Nikabonyeza: njoo, anaua. Njoo, anaua. Mlio ukatoka laini, kila nukta mahali pake. Nakiri, hata katika hofu ile niliufurahia.

"Tulia," nikamwambia mdogo wangu. "Kaka amesikia."

Akarudi chini ya meza, akanishika kifundo cha mguu. Dakika tano zikapita, kisha kumi. Bawaba ya juu ikang'oka, mlango ukalala. Aliingia na shoka la kukatia mifupa, akamburuta mkewe kwa nywele, akampiga teke la mbavu zilezile. Mimi bado nabonyeza, mlio bado unalia vizuri.

Ndipo nikaiona fyuzi. Ilikuwa mezani, kando ya kikombe changu cha chai. Jana yake niliichomoa kwenye mtambo ili majaribio ya mlio yasiende hewani; bila hiyo mtambo haurushi kitu.

Mdogo wangu aliinua mkono kujikinga uso. Shoka likashuka.

Chuma cha kulehemu kilikuwa bado kwenye umeme, cha moto. Nilikisukuma shingoni mwa shemeji, chini ya sikio, nikakishikilia mpaka nikasikia harufu ya nyama yake. Alianguka akinyakua waya zangu. Nikampiga kichwani kwa transfoma, mara mbili, na ya tatu kwa hasira tu. Majirani ndio waliokuja kunitoa juu yake.

Hospitalini kaka alisimama mlangoni, vumbi jekundu la matofali bado kwenye viatu. "Saa nne nilivaa," alisema. "Kimya. Nikadhani leo huna kazi."

Mdogo wangu alikuwa akiutazama mkono wake, ulioishia kwenye bandeji. "Dada," akasema, "si ulisema amesikia?"

"Niliyesikia ni mimi," nikasema.

Akageuza uso ukutani. Tangu siku ile nimeuhamisha mlio, sasa unatoka kwenye mtambo. Unakoroma vibaya, na sijaugusa.