Buluu ya Orrin

Niliacha shule nikiwa na miaka kumi na sita, nikaenda kuendesha projekta kwenye sinema ya mtaani kwetu hapa Toledo. Filamu ya kwanza niliyoionyesha peke yangu iliitwa Kisima cha Mjane. Kuna mahali mjane anatoka usiku kwenda kisimani, taa mkononi, na usiku wenyewe ni wa buluu, sura yake inaonekana nusu tu. Niliutazama usiku ule kwa wiki sita. Sijaona mwingine kama huo.

Miaka minne iliyopita kampuni inayomiliki filamu ile ikatoa diski mpya, eti filamu imesafishwa. Tukio lile lilipigwa mchana, giza likatiwa baadaye maabara. Wasafishaji hawakujua, au hawakujali. Wakaliacha jeupe pe. Mjane anatembea saa saba mchana na taa inayowaka. Mke wangu alicheka. Mimi sikucheka. Niliutaka usiku wangu.

Kuna kikundi cha mtandaoni cha watu wanaorudisha filamu za zamani zilivyokuwa, bure, kila mtu na kompyuta yake nyumbani. Kisima waliniachia mimi, fundi wa mapaa, kwa sababu nilikuwa na kitu ambacho wao hawana: Orrin Pruett, mpiga picha wa filamu ile, mzee wa miaka themanini na saba, anakaa dakika ishirini kutoka kwangu. Kila Jumamosi nilimpelekea donati na kompyuta.

"Ongeza buluu," alikuwa akisema.

"Nimeshaongeza, mzee."

"Basi hujaongeza. Nani alipiga hii filamu, mimi au wewe?"

"Wewe."

"Ongeza."

Nikaongeza mwaka mzima. Nilipotuma kipande kwa kikundi, Halvard, jamaa mmoja wa Norway, akaandika: "Dale, huyu mama anachota maji au anazama baharini?" Nikamjibu ovyo. Nilimwambia aliyeipiga ndiye anayesema hivi, wewe ulikuwa wapi? Hakuna aliyenigusia buluu tena.

Machi Orrin akatolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia. Aprili la kushoto. Wiki tatu baadaye nikamfungulia kompyuta. Alitazama muda mrefu, donati mkononi.

"Nani kaimwagia wino filamu yangu?"

"Wewe."

"Acha utani, kijana."

"Sitanii. Kila Jumamosi, mzee."

Akageuka kutazama dirisha. "Daktari anasema miaka yote hii nilikuwa naangalia dunia kama mtu anayechungulia kwenye glasi ya chai, buluu haipiti. Hilo pazia nilidhani la njano." Akaiweka donati chini. "Ni jeupe."

Nilirudi nyumbani nikaenda gereji, nikashusha kopo la tumbaku. Mkanda ukikatika kwenye projekta tulikuwa tunakata picha mbili tatu zilizochanika, tunaunga, na vipande tunabaki navyo. Hakuna mwonyesha filamu wa enzi zangu asiye na kopo lake. Mikanda mingi ya siku zile imegeuka pinki, lakini ule wa Kisima ulikuwa wa aina isiyochuja. Kipande cha kisimani kilikuwemo. Nilikuwa nacho muda wote. Sikukitazama, kwa sababu Orrin ni mtu mkubwa, na kopo ni langu tu.

Jumamosi iliyofuata nikakishika mbele ya dirisha lake. Buluu ilikuwepo, lakini kidogo, imechanganyika na majivu. Mwanga wa taa ulikuwa rangi ya kutu.

Orrin akakisogeza karibu na jicho. "Ndiyo hii. Na niliichukia. Maabara walikuwa na haraka, hawakunisikiliza." Akakirudisha. "Sasa naona vizuri, Dale. Tuifanye nilivyoitaka. Taa iwe dhahabu."

"Hapana, mzee."

"Filamu ni yangu."

"Hata ile kampuni ilisema ni yake."

Nilidhani atanifukuza. Alikuwa na haki. Mimi nilichokuwa nacho ni wiki sita za utoto na kipande cha mkanda.

"Macho yangu yana wiki nne tu," alisema, "na wewe unayanyima kazi."

"Kazi ipo. Shika kipande dirishani, uniambie kama kinafanana na hii ya kwenye kompyuta. Usiniambie unachotaka."

Akakishika. Mkono ulipochoka akahamishia wa pili. Tulipunguza buluu mpaka saa kumi, naye hakuitaja dhahabu tena, ingawa mara mbili nilimwona anafungua mdomo.

Nilipofika nyumbani nikamwandikia Halvard, mbele ya wote: "Ulisema kweli, alikuwa anazama. Leo tumeanza kumtoa."