Robo Saa ya Twalibu na Sihaba

Twalibu wa Mohoro alikuwa mwanamume wa kusifiwa kwa kila kinachoonekana na watu. Shamba lake la mpunga lilishika, na mtumbwi aliupitisha kwenye maji ya mafuriko kama anayetembea uani kwake. Alipomwoa Sihaba, binti wa watu wa Salale, majirani walisema wawili hao wamepatana. Na kweli walipatana, kwenye sinia na shambani. Chumbani ndiko kulikokuwa na jambo. Twalibu alikuwa akiwahi mno. Mkewe hajatulia vizuri, yeye keshamaliza. Kisha anageukia ukutani na kujifanya kapitiwa na usingizi.

Hakumwambia mtu. Mpunga ulipochanua alihamia dunguni, kibanda cha juu ya nguzo, kuulinda na nguruwe, kama walivyofanya wanaume wote. Mpunga ukavunwa, wenzake wakateremka wakarudi majumbani, yeye akabaki kule juu analinda mabua.

"Nguruwe siku hizi wanakula mabua?" Sihaba alimwuliza alipompelekea chakula.

"Wanaweza kurudi," alijibu, macho yake kwenye bakuli.

Ilikuwa miaka ya ruksa, bidhaa za kila namna zikimiminika kutoka nje. Pale Ndundu, kwenye kivuko cha mto, magari yakingoja pantoni, wachuuzi walizunguka na saa, redio, manukato na dawa za maradhi yote. Twalibu alikuwa akivusha mchele kwenda Ikwiriri pale mchuuzi mmoja alipomsogelea na kumwonyesha kichupa cha kupuliza chenye picha ya farasi.

"Kaka, hii ya wanaume wanaowahi. Unapuliza tu, unakuwa farasi."

"Nataka kumpelekea rafiki yangu," Twalibu alisema.

"Wote wanasema ya rafiki," mchuuzi akacheka, akakifunga kwenye gazeti.

Maandishi ya kichupani yalikuwa ya Kichina. Hakuna aliyemwambia apulize kiasi gani.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, mvua ilishuka na hapakuwa na mtu wa kuja kubisha hodi. Twalibu, aliyekuwa ameteremka dunguni kuja kusali, aliingia bafuni, akapuliza. Akaona haitoshi, akapuliza tena, na tena. Akaenda moja kwa moja kwa mkewe.

Siku hiyo hakuwahi. Lakini pia hakusikia kitu, kama mtu anayetafuna kwa upande wa mdomo uliodungwa sindano ya kung'olea jino. Alikuwa bado anashangaa pale Sihaba alipomshika bega.

"Twalibu, hebu ngoja. Sijisikii."

"Hujisikii vipi?"

"Huku chini kumekufa! Kama mguu uliokaliwa. Yarabi, mimi nimepooza!" Aliinuka, akajifunga kanga, akaushika mlango. "Namwita Bi Johari wa jirani anikande."

Twalibu alimwahi mkono. Kumfikiria Bi Johari na mdomo wake, mtaa mzima ukijua kabla ya magharibi, kulimfungua kinywa. "Usimwite. Si kupooza. Ni mimi." Akatoa kichupa chini ya godoro, akasema yote, tangu pantoni mpaka bafuni, sauti ikizidi kushuka.

Sihaba alimtazama yeye, akamtazama farasi, kisha akaanguka kitandani kwa kicheko mpaka machozi yakamtoka. Alipotulia, uso ulibadilika.

"Mchuuzi wa pantoni umemwambia. Mimi mkeo hukuniambia."

"Niliona haya. Nilidhani hujui."

"Nisijue mimi, nilikuwa wapi? Somo yangu alinifunza kabla sijaolewa kwamba wapo wanaume wa hivyo, nisiwavunje moyo, ningoje waseme. Nikangoja. Ukanikimbilia dunguni. Nikadhani una mwanamke huko, hata siku moja nilikuja mchana kuchungulia, nikakukuta peke yako unakoroma."

Twalibu alimshika mkono, na moyoni alihisi kama aliyetua gunia.

Ganzi iliwatoka wote wawili kabla ya jioni. Juma lililofuata walipanda gari hadi Kibiti, kwa Bwana Abbasi, tabibu wa zamani aliyefungua duka la dawa kando ya barabara. Walimpa shikamoo, Twalibu akakohoa, akakohoa tena, mwishowe Sihaba ndiye aliyeeleza.

Abbasi hakucheka. Alikigeuza kichupa. "Siwezi kujua humu mna nini. Kiacheni." Akawatolea mrija mdogo wa malhamu ya ganzi. "Hii unapaka kidogo, kama punje chache za mchele, penye kichwa cha uume. Unangoja robo saa. Kisha unaosha vizuri kwa maji na sabuni ndipo umwendee mkeo. Usipoosha, unamgawia na yeye. Ukiwashwa au kuvimba, acha, uje. Wanaume wengi wana jambo hili, na hofu nayo huzidisha mbio."

"Na hiyo robo saa tufanye nini?" Sihaba aliuliza.

"Hayo, mama," Abbasi alisema akipanga makopo ambayo tayari yalikuwa yamepangika, "chuoni hatukufundishwa."

Walijifundisha wenyewe. Walikaa mkekani wakizungumza: bati la kuongeza upande wa jikoni, kamba wa Salale ambao mama yake Sihaba aliwakausha, nani kamnunia nani kisimani. Twalibu aligundua kwamba mkewe ana vichekesho ambavyo hakuwahi kuvisikia. Dawa ilimsaidia. Si kila mara. Zipo siku aliwahi vilevile, na Sihaba akamwambia, "Basi, hatuhami hapa, kesho ipo," wakalala wamekumbatiana. Pole pole mrija ukawa unasahaulika rafuni, lakini mazungumzo hayakusahaulika.

Mchana mmoja walizama kwenye habari ya mdogo wake Sihaba aliyeposwa na mtu wa Ruaruke. Sihaba anamkubali yule mposaji, Twalibu hamkubali, kila mmoja ana sababu zake, mpaka adhana ya alasiri ikawakuta bado wanabishana na hakuna aliyekumbuka mrija wala kitanda. Twalibu alitawadha, akashika njia ya msikitini, akicheka peke yake.